Kaka Alimwozesha Tulidi

Mwaka 1949 nilikuwa na miaka kumi na minne, na hapo ndipo shida zangu zilipoanza. Baba alikuwa amefariki. Kaka yangu Masanja alitaka ng'ombe wa kuolea, hivyo akaniozesha mimi, Kabula, kwa mzee mmoja wa kwetu Ushirombo ili ng'ombe wapatikane. Nilikuwa mwembamba kama ufito. Mwaka uliofuata nikashikwa na uchungu, mtoto akakwama, akatoka amekufa. Mume akanirudisha kwa kaka kama mtu anayerudisha jembe lililovunjika mpini.

Nayasema haya mapema, wasomaji wenzangu, kwa sababu mkasa wenyewe ni wa mbwa, na najua wapo watakaocheka. Wacheke. Darasani nilikaa muda wa kujifunza kuandika jina langu tu, mengine nimefundishwa na dunia.

Nilikimbilia Geita, kwenye mgodi wa dhahabu, nikapata kazi nyumbani kwa Mzungu mmoja wa mitambo. Yeye na mkewe hawakuwa na mtoto. Walikuwa na mbwa jike mdogo, mrefu kama mchi, miguu mifupi hata tumbo linakaribia kufagia vumbi. Jina lake la Kizungu lilikuwa na "r" ndani yake, na ulimi wa Kisukuma na hiyo "r" hawaelewani. Kwangu akawa Tulidi.

Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumtoa kupe, kumpikia nyama. Wanawake wa kambini waliniita Yaya wa Mbwa.

"Yaya, mwanao kalala?" waliniuliza kisimani.

"Kalala, kashiba," niliwajibu. "Wa kwako je?"

Memsabu, ndiye huyo mke wa Mzungu, alipokwenda na mumewe likizo Ulaya aliniachia Tulidi na nyumba. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Kabula, hapana peleka kwa dume. Huyu bado toto. Mimi tatafuta bwana yake, kabila yake, dogo kama yeye. Hapana ndugu yake." Alidhani sikuelewa. Nilimwelewa kuliko alivyojielewa yeye mwenyewe...

Wakati huo Masanja naye alikuwa Geita, anasukuma matoroli mgodini. Tulikuwa tumepatana. Ndugu ni ndugu, ungefanya nini?

Basi zikaja habari kwamba mama anaumwa sana. Zikaja katika juma lile lile ambalo Tulidi alishika joto kwa mara ya kwanza. Madume ya kambi nzima yalikuwa yamelala nje ya ua, ndimi nje. Nikampa Masanja ufunguo. Nikamwambia asifungue mlango ila kwa kumpa chakula.

"Nenda ukamwone mama, mdogo wangu," akasema. "Kambwa haka katanishinda mimi?"

Mama alipopata nafuu nilirudi, nikakuta kimya, ua umefagiliwa, Tulidi ananirukia. Nikamshukuru kaka. Wiki zilipopita tumbo likaanza kujaa. Nikajiambia ni kushiba. Likazidi kujaa... Nikamfuata Masanja, nikamkuta anakula ugali.

Hakukana. Alicheka.

"Nimekusaidia. Nimempandisha kwa lile dume la mlinzi wa stoo. Wewe umekulia zizini, hujui kwamba dume kubwa huleta ndama mkubwa? Nimeshawaahidi wenye maduka. Kila mmoja anataka mbwa wa Kizungu mwenye nguvu ya kulinda."

Dume lile lilikuwa na kifua kama gogo. Nikamuuliza, "Na huyo ndama mkubwa atapita wapi?"

"Mbwa ni mbwa, Kabula. Wanazaa majalalani kila siku."

"Na mimi je? Mimi nilikuwa nini?"

Akaacha kutafuna. Kisha akaniambia niache kufukua makaburi.

Kuanzia siku ile sikulala vizuri. Tumbo la Tulidi lilianza kuburuzika chini, nikawa nambeba kwa kanga kwenda nje. Wale wanawake walioniita Yaya wakaacha kucheka. Waliona tulikokuwa tunakwenda.

Uchungu ulimshika asubuhi. Akasukuma, hakikutoka kitu. Jua likafika utosini, bado. Alikuwa hanung'uniki tena, ananitazama tu. Nikakimbia kwa Mama Nshoma, mkunga wa kambi.

"Nimezalisha wake za watemi," akasema, "leo nizalishe mbwa? Jina langu litabaki wapi?"

Nikamwambia, "Mama, ni mimi tena."

Habari zangu alikuwa anazijua. Akachukua mafuta ya karanga na wembe, tukaenda. Alipomwona Tulidi alitazama mikono yake, akatazama ya kwangu.

"Yangu ni minene," akasema. "Ni wewe."

Nikaingiza vidole. Wa kwanza alikuwa na kichwa kikubwa, nikamvuta taratibu, akatoka amekufa. Nilimwona mwanangu mara ya pili... Aliyefuata naye hakuwa na uhai. Wa mwisho Mama Nshoma alimsugua kwa kitambaa mpaka akalia. Jike. Tulidi alimlamba mara moja, akaweka kidevu chake juu ya mkono wangu. Damu haikukata. Jua lilikuwa bado halijazama Tulidi alipokata roho.

Masanja alitoka zamu, akasimama mlangoni na kapu. Hakuuliza habari ya Tulidi.

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Jike?"

"Jike."

"Basi lete, mwenye duka anasubiri. Jike ndiyo mtaji."

Nilikuwa nimekafunga kifuani kwa kanga. Nikamwambia, "Huyu humwozeshi."

Akanyanyua mkono. Mama Nshoma, wembe bado kiganjani, akasema polepole, "Mpige nikuone, Masanja."

Akaondoka na kapu lake tupu. Tangu siku ile sikumwita tena kaka.

Memsabu aliporudi nilimweleza yote, bila kuficha hata lile la ufunguo. Akaomba mkanda wa shingoni wa Tulidi, akaingia ndani. Kesho yake nikawa sina kazi. Sikumlaumu. Nikaenda zangu na yule mtoto, namnywesha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa, nikaanza kuuza mihogo ya kuchemsha kwenye geti la mgodi.

Wenzangu, mkiwa na mbwa jike mdogo, msikimbilie watoto. Mwacheni akomae. Mtafutieni dume la kimo chake, lisilo la damu yake. Na mwenye kukuambia mbwa ni mbwa, usimpe ufunguo, hata kama mlinyonya ziwa moja. Anayemharakisha mbwa atamharakisha na binti yako.

Leo, kwa mtaji wa mihogo ile, nina nyumba ya matofali ya kuchoma. Nina mashine ya kusaga, ng'ombe wanaojaza zizi, na shamba la mpunga Ushirombo. Yule mtoto wa Tulidi alizeekea kwangu, na sasa nina mbwa wawili wafupi wa kabila la Tulidi, dume nilimfuata Mwanza, jike nilimfuata Tabora. Watu wanakuja kuulizia watoto, nawaambia bado. Jike hajakomaa. Analala chumbani kwangu, na ufunguo ninao mwenyewe.