Bastola Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Jumatatu asubuhi, Bunda, mwaka 1985. Mzee Makongoro alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akafungua kufuli, akafunua kitambaa cha mafuta, akakuta mpini wa jembe. Mpini wenyewe ulikatwa ukalingana na bastola kwa urefu, kana kwamba mwizi alikuwa na adabu zake.

Inspekta Bernado alifika kesho yake akitokea Musoma, juu ya lori la pamba, kwa sababu Landrova ya kituo ilikuwa na kila kitu isipokuwa petroli. Alishuka na pamba masikioni, akaambiwa kesi imekwisha. Sungusungu walishamkamata Machage, mkwe wa mzee, wakampeleka mahabusu amefungwa kamba. Mzee naye alishamrudisha nyumbani binti yake Esta, mke wa Machage. Hakuzaa mtoto, alisema, ili aolewe na mwizi.

"Wewe andika tu, Afande," mzee akamaliza.

Bernado aliuliza swali dogo: bastola ilionekana mara ya mwisho lini? Akajibiwa habari za mzungu mchimba dhahabu aliyemwachia mzee bastola hiyo kabla ya Uhuru, na kibali chake halali. Akarudia swali. Akajibiwa habari za kichuguu ambacho mzee hukipiga risasi moja kila Krismasi, ili chuma kisisahau kazi. Risasi zake ni nene, mzee akasema, hakuna bunduki nyingine wilaya nzima inayotoboa tundu kama lile. Mara ya tatu ndipo ilipopatikana Pasaka. Baada ya Pasaka nyumba nzima ilikwenda msibani Nyegina, na aliyebaki kuangalia ng'ombe ni Machage.

Bernado aliingia chumbani. Chini ya kitanda kulikuwa na masanduku matatu yanayofanana. Mawili hayakuguswa, vumbi lake lilikuwa zima. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari nyuma ya kanga za Bibi Mbuke, mke wa mzee. Mwizi hakutafuta. Alijua.

Mahabusu, Machage alikuwa amevimba jicho.

"Siku ya msiba uliingia ndani?"

"Sebuleni, kunywa maji. Halafu nikarudi zizini."

"Na chumbani?"

Machage alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa anavua shati kanisani. "Afande, kile ni chumba cha mama mkwe. Mimi na yule mama tukikutana njiani, nakimbilia porini. Hata mlango wake sijawahi kuutazama."

Mkuu wa kituo alicheka mpaka akakohoa. Mwizi hana mkwe, alisema. Bernado hakucheka. Aliwahi kupeleka kesi nyingi mahakamani, na hakimu hajawahi kupokea aibu kama ushahidi.

Alirudi kwa mzee, akamuuliza Bibi Mbuke ni nani huingia chumbani mwake. Mama huyo, badala ya kujibu, alianza kulalamika.

"Aingie nani? Mimi, mzee na watu wangu. Na watu wangu wenyewe wamenidharau. Kija, mtoto wa kaka yangu, alikuwaga anakula ugali amekaa kitanda hiki hiki. Sasa ameua simba kwa mkuki, anacheza na ngozi kila mji wa ndugu. Mpaka Butiama kwa watu ambao undugu wenyewe ni wa kuokoteza! Wanampa ng'ombe. Kwangu mimi shangazi yake hajakanyaga. Mtamba nimemfungia pale, ananimalizia nyasi."

Bernado alikuwa ameshafunga daftari, amechoka na familia hii. Akalifungua tena.

"Mzee, aliyeua simba huwa anaanzia wapi kucheza?"

"Kwa shangazi. Shangazi asipompa ng'ombe, nani atampa?"

"Umewahi kusikia aliyemruka?"

"Hakuna," Mzee Makongoro akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hakuongeza hadithi.

Jumatano walikuwa Butiama. Kija alikuwa katikati ya uwanja, njuga miguuni, ngozi ya simba mgongoni, wanawake wakimpigia vigelegele. Alipomwona mumewe shangazi, njuga zilikaa kimya. Bernado aliomba kuona ngozi. Kija aliitandaza, akaonyesha matundu mawili ya mkuki ubavuni. Kando yake manyoya yalikuwa masafi, hakuna hata alama ya damu. Mzee hakungoja ruhusa. Aliinama, akapekua nyuma ya sikio, akakwangua udongo mwekundu uliokandwa na samli. Kidole chake kikazama.

"Huu ni mwiba," Kija alisema.

"Mwiba wangu huo," mzee akajibu. "Nina kibali chake."

"Mfu hatoki damu, Kija," Bernado alisema. "Ulimchoma mkuki akiwa ameshakufa. Na kwa shangazi hukwenda kwa sababu kule kuna mtu mmoja anayelijua tundu hili."

Kija alikaa chini juu ya ngozi yake. Simba alinasa kwenye waya alioutega, alisema. Bastola alikuwa ameshaichukua zamani, siku ile ya msiba Machage akiwa zizini, kwa tahadhari. "Mkuki nilikuwa nao. Mikono ndiyo iligoma. Afande, nina watoto watatu, na kwenye kila ngoma bado naitwa dogo." Bastola ilikuwa imechomekwa kwenye nyasi za paa.

"Na Machage?"

"Nilijua watamwachia."

"Watamwachia akina nani? Ulisikia amefungwa kamba, ukaendelea kucheza."

Alhamisi, Bunda. Kija alikuwa ndani, kwa bastola na kwa simba wa serikali. Mzee Makongoro alimfuata Bernado uani akidai chuma chake, akaambiwa ni kielelezo, kinakwenda Musoma, na kibali kitajadiliwa. Akaanza tena habari za mzungu.

Machage, aliyeachiwa asubuhi hiyo, alisimama nje ya uzio, maana mama mkwe alikuwa uani. Esta alitoka na furushi lake kichwani, akafika langoni, akasimama hapo hapo akimtazama baba yake. Jua lilipanda. Bernado alikohoa.

Mwishowe mzee alitoka nje ya uzio. "Machage," alisema, "nimekukosea."

Machage alimsogelea mkewe, akalishusha lile furushi, akalitua juu ya kichwa chake mwenyewe, mbele ya baba mkwe na kijiji kizima, jambo ambalo mwanamume wa huku hafanyi hata akiwa peke yake.

"Nimesikia, baba," alisema. Wakaondoka, Esta akitangulia, mikono mitupu.