Kichwa Hakiguswi

Tak! Tak! Tak!

Mlio ulitoka ndani ya ukumbi wa kanisa, mkavu na wa haraka, kama wa mtu anayepasua njugu. Ulamila aliusikia akiwa bado barazani, akikung'uta mwavuli. Mvua ya Suva, kule Fiji, ilikuwa imemlowesha, na gauni lake la maua mekundu lilimganda magotini.

Alikuja kwa sababu moja tu. Chekechea anakofundisha haikubali tena mwalimu asiye na cheti cha huduma ya kwanza. Akasukuma mlango.

Watu kama kumi na wawili walikaa mikekani. Katikati yao, mwanamume wa mabega mapana alipiga magoti, akikandamiza kifua cha mwanasesere wa mpira, na kila alipokandamiza sawasawa, kifua kililia tak. Akainua uso.

Alikuwa Waisale.

"Karibu, mwalimu," alisema Bi Losana, muuguzi mstaafu aliyewafundisha. "Umechelewa, basi utashirikiana na huyu asiye na mwenzake. Fundi matairi wetu. Cheti anacho, lakini hii mara ya tatu anarudi. Nadhani kampenda mwanasesere."

"Angalau huyo hamnunii!" mama mmoja akadakia.

Wakacheka wote, isipokuwa wawili.

Miezi minane nyuma walikuwa wachumba. Jumamosi moja sokoni, baba yake Ulamila akaanguka kando ya mafungu ya magimbi, na Waisale akawa wa kwanza kumfikia. Ulamila alipofika mbio, alimkuta mchumba wake amepiga magoti, mikono ikielea juu ya kichwa cha mzee, haishuki. Kinywa cha mzee kilijaa matapishi. Hakuamka tena.

Siku ya mazishi Ulamila alimwambia mbele za watu, "Ulimwonea kinyaa baba yangu." Waisale aliinamisha kichwa tu. Tangu hapo alipiga simu kila Jumapili, naye Ulamila akaiacha ilie mpaka inyamaze.

"Wawili wawili!" Bi Losana alipiga makofi. "Mmoja alale. Mwenzake arudishe kichwa nyuma, ainue kidevu, hewa ipite. Kichwa tu! Msipulizane midomoni, hapa ni kanisani."

Waisale alilala mkekani.

"Kama hutaki, nitatafuta mtu mwingine," alinong'ona.

"Fumba macho. Aliyezimia hasemi."

Akafumba. Ulamila akanyoosha mikono, na mikono ikasita. Hiki hakikuwa kichwa cha mtoto wa chekechea. Kwao kichwa cha mtu mzima hakiguswi. Hata ukitaka kuchukua kikombe rafuni juu ya aliyeketi, unaomba radhi kwanza.

"Tilou," aliomba radhi taratibu, kama alivyofunzwa tangu utotoni. Akangoja aitikiwe.

"Mwalimu, unangoja nini?" aliuliza Bi Losana. "Kazimia huyo. Nani akuitikie?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Ulamila aliitazama mikono yake. Ilikuwa inaelea hewani.

Waisale alifumbua macho. "Mimi niliisema mara tatu," alisema. "Nikangoja baba anijibu."

Ulamila alimwinamia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje, mpenzi? Kwamba nilimheshimu mpaka akakosa pumzi?"

"Nilikuita mwenye kinyaa. Mbele ya ukoo mzima!"

"Uliniita jina jepesi kuliko ninalojiita mwenyewe."

Machozi yakamdondokea Waisale shavuni, na hayakuwa yake. Kisha viganja viwili vikashuka, vikakishika kichwa chake, vikakirudisha nyuma, vikainua kidevu.

"Sawasawa," alisema Bi Losana kwa sauti ya chini, akawapita.

Wakati wa chai ya majani ya mlimau, Ulamila alitoka na Waisale hadi barazani, akampigia mama yake. Alieleza yote.

"Yupo hapo?" mama aliuliza.

"Yupo, Mama."

"Mpe simu."

Waisale aliipokea kwa mikono miwili, akachuchumaa kama kwamba mama ameketi mbele yake.

"Kijana, nina presha kama marehemu," sauti ilisema. "Nikikupa binti yangu, kisha siku moja nikaanguka mbele yako, utafanyaje?"

Waisale alimtazama Ulamila, akasema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia:

"Nitakushika kichwa, Mama. Radhi nitaiomba ukishaamka."