Aliyemshushia Chiriku Wimbo

"Zima hiyo takataka!"

Duka la spika lilikuwa limefurika wateja. Fundi, shati limemganda mgongoni kwa jasho, alikuwa akijaribu spika mpya kwa wimbo ambao kila mtu mle ndani aliujua tangu utotoni. Hakugeuka.

"Dada, kama hutaki muziki, duka la magodoro ni hapo jirani."

"Takataka ni spika zako, siyo wimbo. Mwimbaji anasikika kama amefungiwa kabatini."

"Mwimbaji mwenyewe ndiye aliyesimama mbali na maiki. Siku nikikutana naye nitamwambia."

"Mwambie."

Fundi akageuka. Alimwona mwanamke wa makamo, gauni la zambarau limemkaa sawasawa, miwani myeusi ameipandisha kichwani. Wateja walikuwa wameshamtambua. Ni Chiriku, yule aliyezichukua nyimbo za bibi zake kisiwani akazifikisha kwenye kumbi za ng'ambo. Alianza akiwa binti, nyuma ya shangazi yake kwenye harusi, akafukuzwa kundini kwa kumzidi shangazi sauti. Tangu hapo hakumpa mtu nafasi ya kumwamulia aimbe vipi.

"Ulisimama mbali na maiki," fundi akasema. Maskini, hakujua kurudi nyuma.

Kesho yake simu ikalia.

"Wewe mbishi. Nina onyesho, na fundi wangu kaacha kazi."

"Kaacha au umemfukuza?"

"Unakuja au huji?"

Akaenda. Akawa fundi mitambo wake, kisha akawa wake kabisa. Walipendana kwa kugombana, na siku wasipogombana majirani walidhani kuna mgonjwa.

"Umekula, mpenzi?" fundi angeuliza kwenye simu.

"Nimekula hasira. Umechelewa kupiga."

"Umeshiba?"

"Mjinga wewe. Njoo."

Ikaja sherehe ya kumpongeza kwa miaka yake jukwaani. Mazoezini, pale juu kabisa pa wimbo wake mkuu, sauti ilimkatika. Alisingizia vumbi. Fundi alimvuta mpiga kinanda pembeni, akamwomba jukwaani auanzishe wimbo chini kidogo kuliko siku zote.

Chiriku alijua tangu mlio wa kwanza. Aliimba, akafika juu bila taabu, na ukumbi mzima ukasimama kumshangilia. Alitabasamu mpaka mlango wa chumba cha kuvalia ulipofungwa, kisha akamrushia fundi viatu vyote viwili.

"Umenishushia wimbo!"

"Mpenzi, nilikuhofia."

"Ulinihofia au ulinionea aibu?"

"Sauti ingekatika mbele ya watu."

"Ikatike! Ni yangu! Wanamuziki wangu wote wanajua nimekwisha, mimi ndiye wa mwisho kujua. Unamwambia mpiga kinanda, mimi unanificha?"

"Ningekwambia ungenisikiliza?"

"Toka!"

Nisiwafiche, mimi niko upande wa Chiriku. Kumficha mtu mzima habari za koo lake mwenyewe ni dharau, hata ukiifunika kwa mapenzi. Fundi alipiga simu kila siku, na kila siku alipokea dada yake Chiriku.

"Shemeji, anasema nikwambie hayupo."

"Namsikia hapo anafoka."

"Ndiyo. Anafoka huku hayupo."

Likabaki onyesho la nyumbani, kisiwani, alasiri. Mitambo ilikuwa ya fundi na makubaliano yalikuwa yameshafanyika. Dada alitumwa na ujumbe: afunge nyaya zake, asifungue mdomo.

"Anzieni pale pa zamani," Chiriku akawaambia wanamuziki, macho yake makavu yamemkazia fundi. Wimbo ukaanza, ukapanda, ukazidi kupanda, na pale juu kabisa sauti ikakatika.

Fundi angeweza kuipandisha sauti ya ngoma kuficha lile pengo. Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya mitambo. Akaviondoa, akakunja mikono kifuani, na moyo ukamuuma kuliko siku aliyofukuzwa.

"Mmesikia," Chiriku akasema kwenye maiki. "Pale juu sifiki tena." Akamgeukia mpiga kinanda. "Shusha."

Akaimba tena, chini, taratibu, na watu waliomjua tangu akiwa binti wakalia bila kujificha.

Baadaye alimkuta fundi akikunja nyaya nyuma ya jukwaa.

"Uliniona nilivyoaibika?"

"Nilikuona."

"Na hukufanya kitu."

"Hukuniomba."

Chiriku akalia sasa, machozi ya hasira, akiyafuta kwa mgongo wa mkono mpaka wanja ukamchafua mashavuni. "Nilikuwa naipenda ile sauti."

"Hata mimi niliipenda." Hakumdanganya kwamba hii mpya ni nzuri zaidi.

"Sijakusamehe."

"Najua. Nataka kukuoa."

"Utanioa na hasira zangu zote?"

"Zote."

"Mwambie ndiyo!" dada yake akapaza sauti kutoka nyuma ya mlango.

"Nyamaza wewe!" Chiriku akafoka. "Nitajibu mwenyewe."

Akamgeukia fundi, akamjibu ndiyo.