Swali la Haesu Juu ya Mlima Dobong

Jumamosi hiyo soko la Gwangjang lilifurika, watu wakapita ubavu ubavu. Kwenye kibanda cha Mama Pyo chapati za choroko zilikuwa zikichirizika mafuta kwenye kikaango kipana, na benchi zima lilikuwa na nafasi moja tu, mkabala na binti yake, Haesu, aliyekuwa akikata vitunguu. Mwanamume mrefu aliyevaa koti la kijivu lililompwaya mabegani akaketi hapo, akaagiza chakula kwa Kikorea ambacho Seoul ilikuwa haijakisikia tangu enzi za mabibi.

Haesu alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Samahani, kaka. Unaongea kama ajuza wa miaka tisini."

"Ndiye aliyenifundisha," akajibu, wala hakukasirika. "Alifariki akiwa na tisini na mbili. Naomba na kimchi. Au hilo nalo nimelisema kizee?"

"Hilo umelizidisha."

Aliitwa Arseni Nam, mzaliwa wa Tashkent, Uzbekistan. Wazee wake walikuwa Wakorea waliohamishwa kwa nguvu na serikali ya Kisovieti, kwa treni, zamani hizo, wakatupwa huko wakalime. Yeye alikuja kuiona nchi aliyosimuliwa na bibi yake, akapata kazi katika duka la mikate kule Incheon, akakaa.

Siku ya Jumatano akatokea kwenye duka la vifaa vya kupandia mlima alikofanya kazi Haesu, hatua chache kutoka kituo cha treni cha Dobongsan, chini ya Mlima Dobong. Haesu alikuwa na fulana ya manjano na nywele amezibana juu.

"Nani kakwambia niko huku?"

"Mama yako. Nilinunua chapati tatu ndipo akasema."

Akamletea viatu. Arseni akanyoosha mkono kwenye vile vyekundu vya bei mbaya. Haesu akamchapa kiganja.

"Hivyo ni vya wanaume wanaopanda mlima ili wapigwe picha. Chukua hivi vya kahawia. Na soksi nene, usije ukanililia malengelenge."

"Nitakulilia lini, na wewe hujasema tunapanda pamoja?"

"Jumapili. Saa mbili asubuhi. Ukichelewa naenda na mwingine."

Jumapili ile ikazaa nyingine. Walipanda pamoja na umati wa wazee waliovaa rangi kali za kuumiza macho, wakashika nyaya za chuma kwenye miamba, wakala wali uliovingirishwa kwenye mwani huku akina mama wasiowajua wakiwagawia matango. Wakishuka, walikunywa pombe ya mchele kwenye bakuli moja. Katikati ya wiki ilikuwa simu.

"Umekula nini, mpenzi?"

"Mkate."

"Unauoka, unauuza, tena unaula. Siku moja utachachuka."

Haesu alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na hakuna mwanamume aliyewahi kumsikiliza namna ile, kichwa kimeinama, kana kwamba maneno yake yangeweza kumwagika.

Wiki moja kabla ya sikukuu ya mavuno, mama yake akamwambia wakiwa wanaosha vyombo, "Mwanangu, hawa wa kutoka kule wanatafuta karatasi za kuishi hapa. Wewe una karatasi. Fikiria."

Haesu akaendelea kusuuza bakuli. Lakini alifikiria. Alifikiria hilo hata siku ya sikukuu alipomlisha Arseni keki za mchele kwa mkono wake. Alifikiria hilo Jumapili zote zilizofuata, huku akicheka, huku akimshika mkono.

Mwanzoni mwa Novemba, majani ya mlimani yakiwa mekundu, walikaa juu ya mwamba karibu na kilele. Arseni akavua glavu.

"Haesu, tuoane."

Naye, badala ya kusema kilichokuwa moyoni, akasema kilichokuwa kichwani.

"Unanitaka mimi, au karatasi?"

 Arseni akatoa pochi, akaweka kitambulisho cha ukaazi kwenye mwamba, katikati yao.

"Nilipewa kabla sijakufahamu. Sisi wajukuu wa waliohamishwa tunapewa."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Umekuwa na wazo hilo tangu lini?"

Angeweza kudanganya. "Tangu kabla ya sikukuu."

"Kwa hiyo ile siku ulipokuwa ukinilisha."

"Ndiyo."

Akarudisha kitambulisho, akavaa glavu moja baada ya nyingine, akaanza kushuka. Haesu alimwita mara mbili. Mara ya pili watu waliokuwa wakila karibu waligeuka, lakini yeye hakugeuka.

Alipiga simu wiki mbili bila kupokelewa. Wiki ya tatu akaomba ruhusa kazini, akavaa koti lake la sufi la rangi ya samawati, akaenda Incheon. Arseni alimpokea mlangoni mwa duka la mikate, akamletea chai.

"Naondoka Alhamisi," alisema. "Kaka yangu kanitafutia kazi nyumbani."

"Kwa sababu yangu?"

"Nimekusamehe, Haesu. Kusamehe hakukunisumbua."

"Basi baki. Safari hii mimi ndiye naomba. Tuoane."

Arseni alipangusa unga viganjani, polepole, kidole kwa kidole.

"Swali lenyewe ningelimeza. Ila ule mwezi mzima ulionishuku huku ukicheka nami siwezi. Kila ukitabasamu nitajiuliza unawaza nini. Nitaanza kukuchunguza kama ulivyonichunguza. Nyumba ya hivyo mimi siitaki, na wewe hustahili."

"Nikikupigia utapokea?"

"Usinipigie," akasema kwa upole, na upole huo ndio uliomliza Haesu njia nzima ya kurudi.

Jumamosi alikuwa kibandani. Mama Pyo akageuza chapati, akauliza, "Yule kijana mbona haji?"

"Ameenda kwao."

"Si nilikwambia? Wakikosa wanachotaka huondoka."

"Alikuwa nacho, mama. Kabla hajanijua."

Mwiko wa Mama Pyo ukasimama. Chapati zikaanza kuungua kingo, na wateja wakatazamana.

"Ungemwambia ni mimi niliyesema," akasema hatimaye. "Ungenitupia mimi lawama."

Haesu akaendelea kukata vitunguu.

"Uliyesema ni wewe, mama. Niliyeamini ni mimi."

Mama Pyo akazima jiko, ingawa foleni ilikuwa ndefu.