Kompyuta Iliyofungiwa Sandukuni

Kila asubuhi Mama Pacha alifagia karakana ya mumewe. Mumewe alikuwa seremala, na vumbi la mbao halikuwa na adabu. Liliingia kwenye nywele, kwenye vikombe, mpaka kwenye mifuko ya makoti. Pacha wao wakishaenda shule, Baba Pacha alishika randa, naye Mama Pacha akakaa kwenye kompyuta.

Kompyuta hiyo ya mtumba ilikuwa imebadilisha maisha yake. Kwa miaka kumi alikuwa akipiga msasa tu. Sasa alikwenda kupima vyumba vya wateja, kisha akarudi kuchora kazi nzima pamoja na vipimo vyake. Mumewe alikubali shingo upande.

"Ikituangusha siku moja tu," alisema, "tunarudi kwenye daftari langu."

Mama Pacha alijua maana yake. Yeye angerudi kwenye msasa.

Ili mashine isile vumbi, Baba Pacha aliitengenezea sanduku. Tena si sanduku la mchezo! Aliliunga kwa gundi, akalipiga vanishi, hata sisimizi asipate pa kupita. Skrini, kibodi, printa na kitufe cha kuwasha chenye taa ndogo ndivyo tu vilivyobaki nje. Siku za karibuni mashine ilianza kuvuma humo ndani. Kila ikivuma, Baba Pacha alilipiga sanduku ngumi, nayo ikatulia. Akajiona bingwa.

Jumatano moja Mama Pacha alibonyeza kitufe cha kuwasha. Taa ndogo ikawaka. Feni ikasikika ikizunguka. Skrini ikabaki nyeusi tii.

Alizima, akawasha tena. Nyeusi vilevile. Humo mlikuwa na vipimo vya rafu za dawa za zahanati. Zahanati ilikuwa mbali mno kurudi kupima upya, gari la kuchukua rafu lilikuwa linakuja Ijumaa, na mbao zilitakiwa kukatwa Jumatano hiyohiyo.

"Si nilisema?" Baba Pacha aliinua ngumi. "Ngoja niishikishe adabu."

"Usiiguse, Baba Pacha! Nakuomba."

Baba Pacha akampigia simu fundi kompyuta mmoja wa mtaani. Alipokata simu, uso wake ulikuwa umekunjamana. "Anasema ni kufuta kila kitu na kuanza upya."

"Afute na michoro yangu?"

Mama Pacha hakungoja jibu. Alitoka mbio mpaka kwa jirani yake, mwalimu wa kompyuta, aliyekuwa akianika nguo.

"Skrini nyeusi si msiba, dada," Mwalimu alisema huku akikausha mikono. "Taa ya mashine inawaka?"

"Inawaka. Na feni inazunguka."

"Basi umeme unafika. Twende, na asifute mtu chochote."

Karakanani Mwalimu hakuigusa mashine. Alitaka Mama Pacha afanye mwenyewe.

"Taa ya skrini ina rangi gani?"

"Ya machungwa."

"Basi skrini ina umeme. Inasubiri picha, ila picha haiji. Tuangalie waya unaoileta."

Ili kuufikia waya, Baba Pacha alilazimika kufungua skrubu kumi na mbili za kifuniko cha sanduku lake. Kifuniko kilipotoka, harufu ya vumbi lililoungua iliwapiga puani. Mama Pacha alikaza waya wa skrini pande zote mbili. Akachomoa na printa na flashi, maana vitu kama hivyo huweza kuikwamisha mashine inapoanza. Akawasha. Bado giza, lakini kwa kuwa sanduku lilikuwa wazi, wote walisikia mlio: pii, pii, pii.

"Ahaa! Inasema panapouma," alisema Mwalimu. "Milio hutofautiana kwa kila mashine, lakini mara nyingi huu ni wa kumbukumbu."

"Kumbukumbu!" Mama Pacha alishika kichwa. "Michoro yangu imepotea?"

"Hapana. Michoro inakaa kwenye diski, kama nguo kabatini. Kumbukumbu ni meza ya kufanyia kazi. Meza ikiyumba, kazi haianzi, lakini kabati lipo palepale."

Kwa maelekezo ya Mwalimu, Mama Pacha alizima mashine na kuchomoa waya wa umeme. Akabonyeza kitufe cha kuwasha bila kukiachia, akahesabu mpaka thelathini.

"Si nimeona umeme umeshachomolewa?" Baba Pacha aliuliza. Sasa alikuwa amesogea karibu.

"Kuna unaobaki ndani, shemeji. Huo nao tunautoa."

Mama Pacha alifungua ubavu wa mashine, akagusa chuma chake kwanza, kama alivyoelekezwa, ili umeme wa mwilini usiharibu kitu. Ndani, vumbi lilikuwa limeganda kwenye feni. Kadi nyembamba ya kumbukumbu ilikuwa imeinuka upande mmoja. Aliichomoa, akaifuta polepole kwa kitambaa kikavu, akaisukuma mahali pake mpaka ikalia ta! Kisha akaondoa vumbi kwa brashi laini.

"Nani aliifungia hivi?" Mwalimu aliuliza.

"Mimi," alisema Baba Pacha, kifua mbele.

"Kazi safi kabisa, shemeji. Lakini mashine inahitaji hewa. Feni ilikuwa inavuta joto la mashine yenyewe, ndiyo maana ikavuma."

"Na mimi nikawa naituliza kwa ngumi."

"Ngumi ndizo zilizolegeza kadi."

Baba Pacha aliingiza mkono mfukoni.

Mama Pacha alirudisha nyaya, akabonyeza kitufe. Skrini ikapata mwanga. Mchoro wa rafu ulipofunguka, machozi yalimtoka bila aibu. Kabla ya kufanya lolote, alinakili michoro yote kwenye flashi, akaiweka mbali na mashine. Hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja.

Baba Pacha alichukua msumeno, akaliondoa sanduku lake mgongo wote, huku akiguna. Akalisogeza mbali na ukuta na mbali na vumbi la randa. Kisha akakata mbao.

Ijumaa rafu ziliingia kwenye chumba cha dawa bila kupunguzwa hata kidogo. Muuguzi alifurahi, akamgeukia Baba Pacha.

"Fundi, nataka na kabati la mapokezi. Utakuja lini kupima?"

Baba Pacha alimwonyesha mkewe. "Muulize yeye. Mimi nakata anachochora."