Abiria wa Quedlinburg

Gari la kukodi lilianza kulia mara tu Gesine alipoingia mitaa ya mawe ya mji wa Quedlinburg, Ujerumani. Taa nyekundu ilimwonya kwamba abiria wa mbele hajafunga mkanda. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

Akasimama kando, akampigia simu mwenye gari.

"Umeweka mkoba kitini, mama?"

"Sijaweka kitu."

"Basi mfunge mkanda huyo asiyekuwepo. Magari ya siku hizi yana maringo."

Gesine akaufunga mkanda juu ya hewa, akijiona mjinga. Gari likanyamaza. Ndipo harufu ya udongo mbichi ilipojaa ndani, na madirisha yote yamefungwa.

Ilikuwa Jumapili ya wafu, mwezi wa Novemba, watu wakipeleka matawi ya msonobari makaburini. Gesine hakuwa amekuja kwa miaka sita. Mumewe, Volkmar, alizikwa hapa alikozaliwa, katika kaburi lililokodiwa kwa miaka ishirini, kama ya wenzake. Muda ukiisha usipoomba zaidi, jiwe la kaburi hung'olewa. Barua ya kumkumbusha alikuwa ameiweka juu ya friji, akijiambia mfu hana haraka.

Alizunguka mji kwanza, polepole: kilima cha ngome, soko, nyumba za mbao zilizoinamiana kama wambea. Aliongea peke yake, kama alivyozoea nyumbani. "Duka lako la keki wamelifunga." Kiti cha pembeni kikalalama, kama mtu anayegeuka kutazama.

Makaburini, mahali pa kaburi la Volkmar, alikuta nyasi tupu. Mlinzi, mzee Lüdecke, akazima sigara yake.

"Tuling'oa mawe ya mstari mzima Septemba, Bi. Gesine. Tangu hapo kuna sauti langoni, inauliza kama gari lake limefika."

"Limefika," Gesine akanong'ona. "Yumo ndani."

"Mfungulie mlango ashuke mwenyewe. Nitamwekea tawi, atatulia. Lakini akishashuka, usimwite. Mstari ule ulikuwa na wafu kumi na wawili. Hujui nani ataitika."

Gesine akafungua mlango, akafungua mkanda, na baridi ikampita kiunoni, ikaichukua ile harufu ya udongo, ikaenda nayo taratibu kati ya watu walioshikana mikono na matawi yao, mpaka kiti kikawa kiti tu, naye akabaki amesimama akifikiria safari ya kurudi nyumbani Hannover, chumba, redio, sahani moja, na majira yote ya baridi ya kuongea na friji, na midomo yake ikafunguka kabla hajaamua.

"Volkmar. Rudi, utapigwa na baridi."

Kiti kikabonyea. Mlango ukajifunga, polepole, kwa adabu. Gesine akaingia upande wake, akangoja.

"Asante, mwanangu," ikasema sauti ya bibi kizee asiyemjua kabisa. "Wangu hawaji tena. Kwako ni mbali?"

Kule langoni Lüdecke alikuwa akimpungia mikono yote miwili, atoke. Gesine alimtazama, kisha akakitazama kiti.

"Mwendo wa saa mbili," akajibu, akawasha gari.