Maziwa Hayaoshi Mapafu

Fundi magodoro wa mtaa ule alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya nguvu na maneno mengi. Watu walimwita Mama Godoro, naye alilipenda jina hilo. Nusu ya mtaa ililala juu ya kazi ya mikono yake.

Alifanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Mteja akileta godoro kuukuu lililobonyea katikati, Mama Godoro hufumua mshono na kumwaga sufi, ile pamba ya mti wa msufi, sakafuni. Kisha huipiga kwa fimbo mpaka iumuke tena. Mwisho huijaza katika kitambaa kipya na kushona kwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea vitu vizito.

Sufi ni nyepesi mno. Upepo ukipita kidogo tu, inaruka. Kwa hiyo kabla ya kuanza kupiga, Mama Godoro alifunga dirisha. Alifunga na mlango. Upenyo wa chini ya mlango aliuziba kwa gunia. Sufi ilibaki ndani, na vumbi lake lote likabaki ndani pia.

Jioni mume wake, fundi baiskeli, alirudi na chupa ya maziwa.

"Kunywa, mke wangu. Osha kifua. Vumbi lote la leo lishuke."

Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mafundi wenzake. Wapaka rangi walisema hivyo. Wasaga unga walisema hivyo. Kazi ya vumbi, dawa yake maziwa. Mama Godoro aliyanywa yote, akafuta mdomo, akacheka. Alijua mume wake anamjali.

Lakini kikohozi hakikujali maziwa. Kilianza asubuhi tu. Kisha kikaja mchana. Baadaye Mama Godoro hakuweza kushona upande mmoja wa godoro bila kuketi. Siku moja alikuwa akibeba godoro pamoja na mume wake. Katikati ya chumba akaliachia. Akashika ukuta, akahema. Ilikuwa kama hewa inapita kwenye tundu la sindano.

Mume aliogopa sana.

"Acha kazi hii," alisema. "Tutakula ninachopata mimi."

"Niache kazi? Nikae nikuangalie?" Mama Godoro alitaka kuendelea, lakini kikohozi kilimkata maneno.

Jirani yao alikuwa muuguzi wa zahanati. Wote walimwita Sista. Kikohozi kile kilipita ukutani, naye akaja kupiga hodi.

"Dada, umekohoa kwa muda gani?"

"Mwezi wa pili sasa."

"Mwezi wa pili! Kikohozi kikizidi wiki mbili, ni cha kupimwa. Huenda ni kifua kikuu, huenda si chenyewe. Kesho tunakwenda zahanati pamoja."

Walienda. Makohozi yalipimwa. Haikuwa kifua kikuu. Daktari alimsikiliza kifua, akamwuliza kuhusu kazi yake. Akasema njia zake za hewa zimevimba kwa sababu ya vumbi. Akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, na akamwonya: "Vumbi likiendelea, mapafu yatapata makovu. Makovu hayaondoki."

Mume, aliyewasindikiza, alisikia yote. Jioni ile akarudi na chupa mbili za maziwa.

Sista alikuwapo. "Shemeji, chupa mbili ni za nani?"

"Za mke wangu. Daktari kasema vumbi limezidi. Basi na mimi nimezidisha dawa."

Sista alishusha pumzi. Alimjua shemeji yake. Yule mtu huamini kitu akikishika kwa mikono.

"Kesho pita buchani, ununue mapafu ya mbuzi. Mwambie muuza nyama aache mabomba yote mawili ya koo. Na mapafu asiyatoboe. Kisha lete pampu yako."

"Pampu ya baiskeli?"

"Hiyohiyo."

"Sista, unataka kumjaza mbuzi upepo?"

"Ndiyo."

Kesho yake mapafu yalikuwa kwenye sinia uani. Sista alimpa shemeji yake bomba la kwanza alishike.

"Likoje?"

"Gumu. Lina pete pete."

"Hilo ni la hewa. Lazima likae wazi usiku na mchana, ndiyo maana lina pete. Na hili la nyuma yake?"

"Laini. Limelala kama tyubu isiyo na upepo."

"Hilo ni la chakula na maji. Linafunguka ukimeza tu. Haya, funga mpira wa pampu kwenye lile gumu. Kaza kwa uzi. Piga pampu."

Fundi akapiga. Mapafu yaliyonywea yakaanza kupanda. Yakajaa, yakapauka rangi, yakafunika nusu ya sinia. Alipoacha, yakashuka taratibu. Mama Godoro aliinama karibu kabisa. Alikuwa hajawahi kufikiri kwamba kitu kama hicho kimo ndani yake.

"Kwa hiyo na sisi tuna pampu?" mume aliuliza.

"Tunayo, ila yetu inavuta, haisukumi. Chini ya mapafu kuna msuli mpana unaoitwa kiwambo. Ukishuka, kifua kinapanuka na hewa inaingia. Ukipanda, hewa inatoka. Dada, weka mkono chini ya mbavu, uvute pumzi. Unasikia?"

"Nasikia. Na hewa ikishaingia?"

"Bomba hili linagawanyika, moja linaingia pafu la kulia, moja la kushoto. Kisha yanagawanyika tena na tena, mpaka yanakuwa membamba kuliko uzi. Mwisho kabisa kuna vifuko vidogo, vingi mno. Hapo damu inachukua oksijeni, ile sehemu ya hewa inayotupa nguvu. Na hapohapo inatoa hewa chafu ili tuitoe nje."

"Na vumbi langu?"

"Vumbi kubwa linanaswa puani. Lingine linanaswa kwenye ute ulio ndani ya mabomba. Humo mna vijinywele vidogo sana. Vinausukuma ute juu, unakohoa, unautema. Ni wafagiaji wako. Lakini wewe umewamwagia vumbi kutwa nzima, wamezidiwa. Na vumbi laini linawapita, linafika mpaka kwenye vifuko."

Mume akachukua chupa. "Ndiyo maana nasema, maziwa nayo yapite huko, yakasafishe."

"Unapomeza yanapita bomba lipi?"

Fundi aliyatazama mabomba yote mawili. Sista akatwaa chupa, akamimina maziwa kwenye bomba laini. Yakapita moja kwa moja, yakatokea upande wa pili, yakaingia kwenye bakuli alilolitega. Mapafu hayakupata hata tone.

"Labda kwa mbuzi," mume alisema.

"Shemeji, umewahi kupaliwa?"

"Nani hajapaliwa?"

"Ilikuwaje?"

"Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka."

"Kwa tone moja la maji! Ukimeza, kifuniko kidogo kooni kinaziba njia ya hewa. Kikichelewa, tone linakosea njia, na mwili mzima unapigana kulitoa. Huko ndiko kupaliwa. Sasa fikiria chupa nzima ifike mapafuni. Usingekuwa umemwosha mke wako. Ungekuwa umemzamisha."

Fundi baiskeli aliketi chini. Uso ulimshuka. "Siku zote hizi ninamnywesha bure," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mama Godoro alimwonea huruma. "Si bure, baba. Yalikuwa matamu."

"Na ni chakula kizuri," Sista alisema. "Ayanywe kama chakula. Lakini hakuna kinywaji kinachoosha mapafu. Vumbi huzuiwa lisiingie."

"Basi aache kazi," mume alisema tena.

Mama Godoro akasimama. "Siachi! Mikono yangu mizima, macho yangu mazima. Kibaya ni kujifungia. Nitapigia sufi nje."

"Upepo utaichukua."

"Basi tuufikirie huo upepo, badala ya kunifikiria mimi nikiwa kitandani."

Siku iliyofuata walianza. Mume alichomelea vyuma vya baiskeli mbovu, akapata fremu kubwa kama meza. Juu na pembeni waliifunika kwa chandarua kilichochakaa. Walitengeneza matundu mawili ya kupitishia mikono. Mama Godoro angesimama nje, sufi ingebaki ndani, na vumbi lingeondoka na upepo.

Mara ya kwanza mambo yaliharibika. Chandarua kilikuwa na vitobo, na sufi ikatua kwenye nguo za Sista zilizoanikwa. Sare yake ya kazi ikaota manyoya. Sista alisema maneno ambayo hakuyasoma chuoni. Mama Godoro aliomba radhi, akaketi na uzi, akaziba kitobo kimoja kimoja. Akajaribu tena. Safari hii sufi ilitulia.

Sista alimfundisha mengine. Asimame upepo ukitokea nyuma yake. Avae barakoa inayobana vizuri puani na mashavuni, kwa sababu kitambaa cha kawaida hakizuii vumbi laini. Anyunyize maji sakafuni kabla ya kufagia. Avue nguo za kazi kabla ya kuingia ndani. Mama Godoro hakutia pamba masikioni. Alifanya yote, na dawa alivuta kama alivyoagizwa. Kikohozi kilipungua polepole, kwa uvivu, lakini kilipungua.

Miezi ikapita. Siku moja upepo ulivuma vibaya, wa kubadilika badilika, na Mama Godoro akaacha kupiga sufi. Mteja mmoja akafika. Alilitaka godoro lake siku ileile.

"Ingia ndani, funga dirisha, piga haraka haraka," mteja alisema. "Vumbi la muda mfupi litakufanya nini?"

Mama Godoro aliweka fimbo chini. Akashika kiuno.

"Litanifanya nini? Litaingia puani, lipite kooni, lishuke kwenye bomba lenye pete, ligawanyike kulia na kushoto, liwapite wafagiaji wangu wote, likakae kwenye vifuko vinavyonipa uhai, halafu wewe ulale vizuri na mimi nikose usingizi kwa kukohoa, na godoro lako likibonyea tena mwakani usinikute wa kulitengeneza! Godoro linasubiri upepo utulie. Kama huwezi kulala chini usiku mmoja, kaazime mkeka!"

Mteja alirudi nyuma. Mume alikuwa mlangoni, mikono imejaa grisi, anamkodolea macho mke wake.

"Mama," alisema, "umeyasema yote hayo kwa pumzi moja."

Mama Godoro akaweka mkono chini ya mbavu. Alivuta hewa, ikaingia yote. Machozi yalimlengalenga.

"Na bado sijamaliza," alisema, akamgeukia mteja.